Bei ya kadogo: pesa inapopotelea nyumbani na jinsi ya kuirudisha

Kuanzia tarehe 20 ya kila mwezi, maombi kwenye vibanda vya Kayole, Dandora, Umoja na Kariobangi hubadilika. Aliyekuwa akinunua chupa ya mafuta ya kupikia sasa anasema, “Mama, nipimie ya ishirini.” Sukari inanunuliwa ya kumi, majani chai ya tano, na sabuni kipande kilichokatwa kwa kisu. Mtaani tumeupa mtindo huu jina: kadogo.

Kadogo imewaokoa wengi. Bila hiyo, mwenye shilingi 50 mfukoni angelala njaa. Hata hivyo, ina gharama ambayo haiandikwi popote. Kwa bidhaa nyingi, anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila kilo na kila lita kuliko anayenunua nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo mara nyingi familia yenye pesa chache ndiyo inayonunua kwa bei ya juu.

Mkazi wa Eastlands hahitaji kufundishwa kubana matumizi. Jina la mboga yetu ya kila siku, sukuma wiki, linatosha kuonyesha kwamba tumekuwa tukifanya hivyo miaka mingi. Lengo la makala haya ni kueleza ni wapi bei ya kadogo inakuumiza, ni wapi haikuumizi, na hatua ambazo familia au ploti nzima inaweza kuchukua bila kusubiri mshahara uongezwe.

Anza na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa siku saba, andika kila shilingi inayotoka nyumbani: nauli, maji, mandazi ya asubuhi, ada ya kutoa pesa kwa simu, bando na mboga. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Andika tu.

Siku ya nane, pigia mstari vitu ulivyonunua zaidi ya mara tatu katika wiki hiyo. Hivyo ndivyo vya kuchunguza kwanza. Familia nyingi hudhani pesa huisha kwa sababu ya vitu vikubwa kama kodi na karo. Lakini kodi na karo zinajulikana na hupangiwa mapema. Zinazotoroka ni zile za ishirini ishirini.

Pima bei kwa lita na kwa kilo

Kabla ya kuamua kwamba kitu ni rahisi, tafuta bei yake kwa kipimo kizima. Kwa mafuta ya kupikia, chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kila unaponunua mafuta ya kupima, yamimine humo kwanza na uandike ulilipa ngapi. Chupa ikijaa, jumlisha na uzidishe mara mbili. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya lita moja.

Tuseme kipimo cha shilingi 20 kinakupa mililita 50. Lita moja ina vipimo 20 vya namna hiyo, kwa hivyo unalipa shilingi 400. Ikiwa duka la jumla lililo karibu linauza chupa ya lita moja kwa shilingi 320, umelipa shilingi 80 zaidi. Familia inayotumia lita tatu kwa mwezi inapoteza shilingi 240 kwa mafuta pekee. Bei hizi ni za mfano. Weka za mtaani kwako, kisha ufanye hesabu hiyohiyo kwa sukari, mchele, unga na sabuni.

Kuna tahadhari tatu. Kwanza, kwa vitu vinavyoharibika, kadogo ndiyo akili. Nyanya mbili, dhania ya kumi na maziwa ya chai ya leo ni afadhali kuliko debe la nyanya litakaloozea chini ya meza. Pili, wingi huleta israfu. Mafuta yakiwa mengi jikoni, mkono huwa mwepesi. Mimina ya wiki moja kwenye chupa ndogo na mengine uyaweke mbali. Tatu, usikope kwa simu ili ununue kwa jumla. Ada ya mkopo inaweza kumeza faida yote uliyoifuata.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Wengi watasema, “Nakubali, lakini sina pesa ya kununua gunia.” Jibu la swali hilo tayari liko mtaani: majirani. Tuna vyama vya kuzungusha pesa. Chama cha kununua chakula kwa pamoja hufanya kazi kwa njia ileile, isipokuwa kinachogawanywa ni kilo.

Gunia la kawaida la mahindi lina kilo 90. Gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia nafaka, hubeba karibu kilo mbili, kwa hivyo gunia lina takribani gorogoro 45. Familia tano zikichanga, kila moja inapata gorogoro tisa. Ulizia bei ya gunia katika masoko kama Marikiti, Muthurwa au Gikomba, ongeza nauli na malipo ya mkokoteni, kisha gawanya kwa 45. Linganisha na bei ya gorogoro kwenye ploti yenu. Tofauti ikiwa ndogo, baki na muuzaji wako wa kila siku. Ikiwa kubwa, mna sababu ya kuchanga.

Kanuni chache huzuia ugomvi. Kila mmoja atoe pesa kabla ya safari, na asiyetoa asiwekewe. Anayekwenda sokoni abadilike kila mwezi. Mzigo upimwe na kugawanywa mbele ya wote, na risiti au bei iandikwe kwenye daftari. Anzeni na bidhaa moja kwa mwezi mmoja kabla ya kuongeza nyingine. Kagueni nafaka kabla ya kulipa. Mahindi yenye unyevu, ukungu au harufu ya kuvunda yasinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa.

Stima: jua uko kundi gani

Kwa stima, hesabu ni tofauti. Wengi huamini kwamba kununua tokeni za shilingi 50 kila siku ni ghali kuliko kununua za shilingi 500 kwa mara moja. Kinachoamua bei yako ya uniti ni jumla ya uniti unazotumia. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Kundi la kwanza hulipa bei nafuu zaidi kwa kila uniti, na la tatu hulipa bei ya juu zaidi. Kinachotazamwa ni wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo mwezi mmoja wa kujibana hautoshi kukushusha.

Ili kujua kifaa kinatumia kiasi gani, soma wati zilizoandikwa nyuma yake, zidisha kwa saa unazokitumia, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia chini ya uniti moja na nusu kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 hutumia uniti 9 kwa saa hizohizo. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa moja, ndiyo maana ni nafuu kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa kikao kimoja kuliko kuiwasha kila asubuhi na kusubiri ipate moto.

Mlaji mkubwa ni shawa ya umeme. Ya wati 5,000 hula uniti moja kwa dakika 12. Watu watano wakioga dakika 12 kila mmoja kila siku, familia hutumia uniti 150 kwa mwezi kwa kuoga tu, na tayari iko kwenye kundi la bei ya juu. Wakipunguza hadi dakika nne, ni uniti 50.

Wapangaji wanaotumia mita moja kwa ploti nzima wana tatizo jingine. Kwa kuwa mita inahesabu matumizi ya wote, nyumba yenye balbu mbili na redio inaweza kujikuta inalipa bei ya kundi la juu kwa sababu ya jumla ya majirani. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, zungumza na mwenye nyumba kuhusu kuwekewa mita yako. Wakati mnasubiri, ombeni kuonyeshwa risiti ya tokeni, ili kila mmoja alipe kulingana na uniti alizotumia. Mwenye mita ya Kenya Power anaweza kupata maelezo ya akaunti yake kwa kubonyeza *977#.

Moto wa kupikia

Jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo sasa liko karibu kila mtaa nchini, ni kazi ya hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitengeneza, kwa muundo uliochukua mawazo kutoka jiko la Thailand. Kauri huzuia joto lisitoroke pembeni, na hivyo makaa hupungua kwa kiasi kikubwa ikilinganishwa na jiko la bati tupu. Ikiwa kauri yako imepasuka na kuanguka, umerudi kwenye jiko la bati. Mafundi hubadilisha kauri peke yake, na si lazima ununue jiko jipya.

Ukimaliza kupika, usiache makaa yateketee. Yafunike kwenye chombo cha bati chenye kifuniko yazimike, uyatumie kesho. Na jiko la makaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa hata kama kuna baridi kiasi gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeua familia zikiwa usingizini.

Maharagwe na mahindi ya githeri yaloweke usiku kucha na umwage maji hayo asubuhi. Yataiva kwa muda mfupi zaidi. Kisha tumia kikapu cha joto: kikapu au katoni iliyopangwa blanketi kuukuu pande zote na juu. Mchele ukichemka dakika kumi, funika sufuria, itie kikapuni, na itajimalizia yenyewe baada ya dakika 40 hivi bila moto. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu nusu saa kwanza, yaache kikapuni saa tatu au nne, halafu yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula.

Kabla ya kuchemsha githeri ya watu wawili, uliza pia bei ya iliyochemshwa inayouzwa kwa kikombe kando ya barabara. Muuzaji anayechemsha sufuria kubwa hutumia moto mchache kwa kila sahani. Ukijumlisha gesi au makaa yako, huenda hapa kadogo ikawa nafuu.

Kwa gesi, kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Unapobadilisha mtungi wa kilo 6, mwambie muuzaji aupime mbele yako: uzito wa mtungi mtupu ukiongezwa kilo 6 ndio unaofaa kusomeka kwenye mizani. Usikimbilie gesi ya bei ya chini isiyo ya kawaida inayojazwa vichochoroni. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka mtaani Mradi, Embakasi. Watu walifariki, mamia wakajeruhiwa na nyumba zikateketea. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli.

Maji: hapa kadogo ni ghali kuliko kwingine

Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000. Hiyo ni sawa na mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 10 kutoka kwa mkokoteni, umelipa shilingi 500 kwa uniti moja. Tazama bili ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi na utaona kwamba bei ya mkokoteni ni mara kadhaa ya ile ya bomba. Wakati wa uhaba, mtungi hupanda zaidi.

Kwa hiyo kuhifadhi maji siku ya mgao ni akiba kubwa. Kampuni hutoa ratiba ya mgao kwa kila eneo. Ijue siku yenu, na muwe na vyombo safi vyenye vifuniko. Pipa la lita 200 ni mitungi kumi, yaani shilingi 100 ulizokwepa kila linapojaa, kwa bei ya mfano wetu. Lioshe mara kwa mara, lifunike, na maji ya kunywa uyachemshe au uyatibu.

Usidharau bomba linalodondoka. Weka glasi chini yake. Glasi ya robo lita ikijaa kwa dakika 15, unapoteza lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, na lita 720 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi 36. Kwa anayejaza pengo hilo kwa mkokoteni, ni shilingi 360, na washa ya bomba huuzwa kwa pesa kidogo katika duka la vifaa vya ujenzi. Ikiwa mna mita, fungeni bomba zote usiku na msome tarakimu. Zikiwa zimesonga asubuhi bila mtu kutumia maji, kuna mfereji unaovuja.

Maji ya mwisho ya kusuuza nguo hufaa kwa choo na kudekia sakafu. Ya kuoshea mboga yanyweshe mimea.

Shilingi tano na gunia moja

Mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa mwaka 2023, humwezesha mtoto katika shule za umma za msingi na chekechea zinazohudumiwa kupata chakula cha mchana kwa shilingi 5. Kwa wiki ya shule ni shilingi 25. Linganisha na gharama ya kumfungia mtoto chakula kila asubuhi au kumpa pesa za chipsi. Ikiwa mtoto wako hajasajiliwa, zungumza na mwalimu mkuu.

Kwenye ua au ubaraza unaopata jua angalau nusu ya siku, gunia moja la udongo wenye mbolea linaweza kubeba miche mingi ya sukuma wiki, juu na kwenye matundu ya pembeni. Panga mawe madogo katikati kutoka chini hadi juu ili maji yafike kote. Baada ya takribani miezi miwili huanza kuchumwa, na ukiacha majani machanga ya juu, mmea huendelea kuzaa. Kaunti yetu ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, kwa hivyo ukulima wa mjini unatambuliwa rasmi. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, na usitumie maji ya mtaro wala ya mto kunyweshea mboga za kuliwa.

Ada za simu

Kutoa pesa kwa wakala ni kadogo nyingine. Wakati wa kuandika makala haya, kutoa shilingi 500 kwa M-Pesa hukatwa shilingi 29, na kutoa shilingi 2,500 hukatwa shilingi hizohizo 29. Anayetoa 500 mara tano kwa wiki hulipa shilingi 145. Anayetoa mara moja hulipa 29. Tofauti ni shilingi 116 kwa wiki, au 464 kwa wiki nne. Ukiogopa kwamba pesa taslimu zitaisha haraka, ziache kwenye simu na ulipe dukani kwa nambari ya till, ambayo haimkati mnunuzi ada.

Mikopo ya simu inayotozwa ada kila siku iwe ya dharura ya kweli. Unga ulionunuliwa kwa mkopo wa aina hiyo na kulipwa baada ya wiki si unga wa bei ya dukani tena.

Akiba iwe na jina

Tujumlishe mifano mitatu tu: shilingi 240 za mafuta, 360 za bomba linalodondoka na 464 za kutoa pesa. Ni shilingi 1,064 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu, yaani karibu muhula mmoja wa shule, zinapita 3,000. Hakuna aliyeruka mlo wala kuzima taa.

Pesa hizo zitapotea tena kama hazina kazi. Zipe jina siku ileile unapoziokoa: sare za Januari, kodi ya mwezi wa biashara mbovu, au mchango wa chama. Zitume zinakohifadhiwa kabla hazijarudi kwenye matumizi ya jioni. Akiba haiozi.

Usijaribu yote kwa pamoja. Wiki hii, tafuta daftari na chupa tupu ya nusu lita. Wiki ijayo, mwonyeshe jirani hesabu yako na umuulize yake ni ngapi. Huenda mkagundua kwamba mnanunua mafuta yaleyale, kwa kipimo kilekile, kwa bei ambayo hakuna mmoja wenu angekubali kulipa kama ingeandikwa kwenye chupa.